Mmoja au Wengi?

Kuna swali linalotugawa kila mfuko wa huruma unapofunguliwa: je, ni haki sadaka ya wengi itumike kwa kichanga mmoja?

Chukueni mtoto aliyezaliwa mishipa miwili mikubwa ya moyo ikiwa imebadilishana mahali. Damu yenye hewa safi hurudi mapafuni, na isiyo na hewa huzunguka mwilini. Huishi kwa vipenyo vidogo ambavyo kila mtoto huzaliwa navyo, navyo huanza kuziba siku za kwanza. Lazima apasuliwe mapema. Akizaliwa Jinja au Mbale, safari yake ni ya Kampala, kwenye Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, ambako upasuaji wa kufungua moyo ulianza mwaka 2007.

Wanaokataa si watu wabaya. Katika wodi ya watoto ya Nalufenya, Jinja, wengi huletwa kwa malaria, na dawa yake ni gharama ndogo sana kuliko kupasua moyo. Kwa hesabu hiyo, fedha za mmoja zingeponya wengi.

Lakini tutazame Mbale. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika hospitali ya watoto ya CURE, daktari Mmarekani Benjamin Warf alipokea vichanga waliojaa maji kichwani. Desturi ilikuwa kuwawekea mpira wa kutoa maji. Mpira ukiziba, mtoto wa kijiji cha mbali aweza kufa njiani. Basi akaunganisha mambo mawili: kutoboa tundu ndani ya ubongo maji yapite, na kuchoma sehemu inayoyatengeneza. Maarifa hayo yalipatikana kwa kumhudumia mtoto mmoja, kisha mwingine. Leo yanatumika hata Marekani.

Kwa maana wengi ni nani, kama si mmoja na mmoja na mmoja? Hata mwenye malaria, usiku homa inapopanda, yu peke yake mikononi mwa mama yake.

Hatusemi mfuko umalizwe. Tumwulize daktari kwanza. Akisema upasuaji hautasaidia, tuupokee ukweli na tukae na mama. Akisema utasaidia, fedha za dawa za kila siku zisiguswe; tuchange upya: nauli, chakula cha anayeuguza, na mtu wa kulea watoto waliobaki nyumbani. Pengine hazitatosha. Lakini mama asiambiwe kwamba mwanawe amenyimwa kwa sababu ni mmoja tu.