Bidii ya Haki na Haki ya Ndugu

Ndugu msomaji, liko swali ambalo mtu hulijibu kwa wepesi mpaka siku linapoingia nyumbani mwake. Swali lenyewe ni hili: Je, mtu aweza kuvuka mpaka katika kutenda jema? Kwamba watu huvuka mpaka katika uovu, hilo hakuna asiyelijua. Lakini katika kumwokoa mtoto asiye na msaidizi, bidii yaweza kuzidi kiasi?

Swali hili nililetewa na mwanafunzi mmoja wa chuo ninachofundisha huku ugenini, kijana wa Kikurya kutoka wilaya ya Tarime. Alinijia usiku mmoja baada ya sala ya Isha, simu ikiwa bado mkononi. Kaka yake ni askari polisi mkoani Mara, na shemeji yake alikuwa amempigia simu akilia. Kila ifikapo Desemba mumewe haonekani nyumbani. Likizo yake huimaliza vijijini akiwatafuta wasichana wanaofichwa ili wakeketwe. Mshahara wake huishia katika mafuta ya pikipiki. Watoto wake wamemzoea kama mgeni anayekuja kulala na kuondoka. Na lililomtisha zaidi mke huyo ni kwamba safari hii mumewe alimpiga mzee aliyekwisha kufungwa pingu.

“Sheikh,” akaniuliza kijana, “nimwambieje kaka? Nikimwambia aache, nitakuwa nimewasaidia wanaokata watoto. Nikinyamaza, nitampoteza yeye.”

Kabla ya kujibu yafaa tulielewe jambo lenyewe, maana nasaha isiyojua mzigo wa mtu ni maneno matupu. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, msimu wa ukeketaji huwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Wazee wa mila wa koo ndio huutangaza. Tangu mwaka 1998 sheria ya Tanzania imeharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Mara wanawake 32 katika kila 100 walikuwa wamekeketwa. Na ule wa mwaka 2022 ulionyesha 28. Idadi yashuka, lakini yashuka polepole, na msichana anayeamshwa alfajiri ili apelekwe kwa ngariba hawezi kungoja idadi ishuke.

Ndiyo maana wapo wanaokimbia kwa miguu usiku. Wengine hukimbilia kituo cha Masanga, Tarime. Wengine Mugumu, Serengeti, ambako Bi. Rhobi Samwelly, aliyekeketwa mwenyewe akiwa na miaka 13 na kunusurika kufa kwa kutokwa na damu, ameongoza kazi ya kuwapokea tangu nyumba salama ilipofunguliwa hapo mwaka 2014. Na wapo askari wa Dawati la Jinsia na Watoto ambao hutoka usiku kumfuata mtoto aliyefichwa. Basi, ndugu msomaji, tusiseme kwamba askari huyu amerukwa na akili. Askari anayelala usingizi mzito katika mwezi huo ndiye anayestahili kulaumiwa.

Sasa, mpaka ulivukwa wapi? Nilimwuliza kijana kama kaka yake amekuwa hivi siku zote. Akanyamaza kwa kitambo. Kisha akaniambia kwamba walikuwa na dada yao mkubwa. Miaka mingi iliyopita dada huyo alikeketwa, damu isikatike, na kabla ya jua kutua alikwisha kufariki. Kaka yake alikuwa na umri wa miaka 9, naye alikuwa miongoni mwa watoto waliokuwa wakiimba na kucheza njiani kumsindikiza.

Hapo nikaelewa. Askari huyu analipa deni kwa mtu aliyekufa, na deni la namna hiyo halina hati ya malipo. Aokoe wasichana 10 au 100, hakuna hata mmoja atakayekuwa dada yake. Kwa hiyo kila anayemwokoa hamfurahishi, na kila anayemkosa humwua upya.

Ziko ishara tatu ambazo kwazo mtu aweza kuipima bidii yake. Ya kwanza ni furaha. Mwenye kuipenda haki hufurahi haki inapotendeka, hata kwa mkono wa mwingine. Lakini mwenye kutafuta tulizo la nafsi yake huona kwamba lisilopita mkononi mwake halikutendeka. Mtu huyo hudhani kwamba akilala, ukweli utakufa. Bila kujua amejiweka mahali pa Yule Asiyesinzia wala kulala.

Ya pili ni chuki. Kurani Tukufu yatufundisha kwamba kuwachukia watu kusitutoe katika uadilifu. Na hapa uadilifu una faida hata mtu asiye na dini aweza kuiona. Msichana aliyeokolewa hataishi katika nyumba salama maisha yake yote. Kule Mugumu wasimamizi huwaita wazazi, huzungumza nao, na wazazi hutia sahihi ahadi ya kutomkata mtoto wao, kisha ndipo hurudishwa nyumbani. Je, baba aliyepigwa akiwa katika pingu atampokeaje binti yake? Ngumi ile ilimwangukia mzee, lakini maumivu yake yatamfikia mtoto. Na aliye katika pingu yuko katika amana ya sheria. Askari akimpiga, naye amevunja sheria ileile anayoitetea.

Ya tatu ni haki za wengine. Askari huyu naye ana binti. Mwezi wa Desemba binti huyo ana baba?

Tumrudie sasa ndugu mwenye hofu. Mtukufu Mtume s.a.w. aliwaunganisha kwa udugu Hadhrat Salman r.a. na Hadhrat Abu Dardaa r.a. Siku moja Salman alimtembelea ndugu yake akamkuta mkewe amekata tamaa ya kujipamba, kwa kuwa mumewe alikuwa akifunga mchana na kusali usiku, hana habari na nyumba yake. Salman akamfanya ale pamoja naye. Usiku Abu Dardaa alipotaka kuinuka, akamwambia alale. Lakini sehemu ya mwisho ya usiku ilipofika, Salman mwenyewe alimwamsha, na wote wawili wakasali. Kisha akamkumbusha kwamba Mola wake, nafsi yake na jamaa zake, kila mmoja ana haki juu yake. Na Mtume s.a.w. akasadikisha maneno hayo.

Watu wengi huisimulia habari hii kwa ajili ya lile neno “lala”, na huisahau ile saa ya mwisho ya usiku. Salman hakumwambia ndugu yake aache ibada. Alimzuia, kisha akaamka akasimama pamoja naye. Kumwonya ndugu bila kushika ncha ya mzigo wake ni uvivu uliovaa nguo ya upendo. Na kukataa kuonywa kwa sababu kazi yako ni njema ni kiburi kilichovaa nguo ya haki.

Nikamwuliza kijana, “Siku ile wewe ulikuwa wapi?” Akasema, “Nilikuwa na miaka 6. Nami nilicheza njiani.” Hakuwa amemwambia kaka yake neno hilo hata siku moja.

Basi nikamwambia asianze na mzee aliyepigwa, ingawa hilo lazima alifikie, tena bila kuficha. Aanze na pale njiani. Amwambie: nami nilikuwepo, deni hili si lako peke yako. Kisha amwambie kwamba Desemba atakuwa likizoni, na kwamba yuko tayari kukaa na wale wazazi ambao askari hawezi kukaa nao.

Alipiga simu usiku uleule. Aliniambia kesho yake kwamba kaka yake alinyamaza muda mrefu hata akadhani simu imekatika. Kisha akauliza neno moja tu: “Utafika tarehe ngapi?”

Ndugu msomaji, yamkini nawe una ndugu aliyechoka katika njia ya kheri. Usimwache, wala usimwambie aache. Mwenyezi Mungu atujalie bidii isiyo na chuki, na ndugu wasioogopa kutuonya. Amin.