Imani Iliyoleta Cheo

Mtu akiingia dini ya mfalme wake, na wakati uleule akathibitishwa katika cheo chake, je, amemwamini Mungu au amemwamini mfalme? Kila katekista analijua swali hili, maana ndiye anayewapokea wanaokuja kuomba Ubatizo, na jibu la kinywa halionyeshi siku zote yaliyo moyoni. Wasomaji wapenzi, tulitazame katika maisha ya mkubwa mmoja wa Uskoti, James Drummond, Earl of Perth.

Alizaliwa mwaka 1648. Nchi yake ilikuwa imegeuka ya Kiprotestanti tangu 1560, na Misa ilikatazwa kwa sheria. Mwaka 1684 alifanywa Lord Chancellor, ndiye mshika muhuri wa mfalme na mkubwa wa serikali ya Uskoti. Mwaka huohuo mchungaji mmoja wa Kiprotestanti, William Carstares, aliyeshukiwa kujua njama juu ya mfalme, aliteswa mbele ya baraza kule Edinburgh: vidole vyake gumba vilibanwa katika chombo cha chuma chenye parafujo. Drummond alikuwa miongoni mwa wakubwa wa baraza hilo. Jambo hili tusilifiche kwa sababu tu baadaye alikuwa mwenzetu katika imani.

Februari 1685 Mfalme Charles II akafa, akatawala ndugu yake James, Mkatoliki asiyejificha. Wakati ule Drummond alikuwa hatarini, kwa kuwa Duke of Queensberry, mtunza hazina, alikuwa akimshtaki kwa mfalme. Ndipo Drummond na mdogo wake John wakaingia Eklezia Katoliki. Mambo yakageuka: mwaka 1686 Queensberry akaondolewa katika hazina, Drummond akabaki na muhuri wake. Adui zake wakasema imani yake imemponya, wakigeuza maneno ya Injili kuwa mzaha.

Yeye mwenyewe alisema alivutwa na karatasi za dini alizoziacha marehemu Charles, na maandiko ya Bossuet, askofu wa Meaux, ambaye waliandikiana barua. Kwa nini tusimsadiki? Wengi walimfuata Bwana wetu kwa sababu ya mikate, naye hakuwafukuza, aliwafundisha. Faida haithibitishi kwamba imani ni ya uongo. Huifunika tu, hata mwenye imani mwenyewe pengine haioni sawasawa.

Mimi naona kosa kubwa zaidi lilikuwa la mfalme. Aliyeweka cheo mlangoni mwa kanisa aliwatia mashaka wote walioingia kwa mlango ule, hata wenye moyo safi. Mwanzoni mwa 1686 watu wa Edinburgh waliwashambulia waliohudhuria Misa. Na ni nani waliolipa deni hilo? Si wakubwa peke yao. Kule milimani na visiwani walikuwako Wakatoliki maskini waliokuwa wameishika imani miaka mingi bila cheo chochote. Mfalme alipokwisha kuondoka, bunge la Uskoti lilitunga mwaka 1700 sheria kali zaidi juu ya Wakatoliki wote.

Desemba 1688 James alikimbilia Ufaransa, na watu wakaliharibu kanisa lake la Holyrood. Drummond alijaribu kutoroka kwa meli, akakamatwa baharini, akafungwa Kirkcaldy, kisha katika ngome ya Stirling mpaka 1693. Sasa imani ile haikuleta tena cheo, ilileta kufuli. Kule Uingereza Earl of Sunderland, waziri wa mfalme huyohuyo, alikuwa amejitangaza Mkatoliki mwaka 1688. Mambo yalipobadilika alirudi upesi kwa Waprotestanti, na baadaye akapata tena kazi kwa mfalme mpya. Njia hiyo ilikuwa wazi kwa Drummond pia. Hakuifuata. Alipofunguliwa kwa sharti la kuiacha nchi, alikwenda Roma, halafu Saint-Germain, karibu na Paris, kwa mfalme wake asiye na ufalme. Barua alizomwandikia dada yake, Countess of Erroll, zilichapishwa mwaka 1845.

Miaka hii yote ya hasara yaonyesha imani yake ilivyokuwa mwishoni. Siku ile ya 1685 haituelezi, wala haina lazima kutueleza. Mti waweza kupandwa vibaya ukashika mizizi baadaye. Lakini kuna deni ambalo uvumilivu katika dini haulilipi lenyewe, nalo ni vile vidole vya Carstares.

Carstares naye aliishi. Alikuwa kasisi wa Mfalme William III, na mwaka 1703 akafanywa mkuu wa chuo kikuu cha Edinburgh. Mwaka huohuo Drummond, kule Paris, alimjengea marehemu James kumbukumbu ya mawe katika kikanisa cha Chuo cha Waskoti. Alikufa Saint-Germain mwaka 1716, akazikwa katika kikanisa hichohicho.