Kwenye Dirisha la Dawa

Foleni ya mwisho ya mgonjwa zahanati ni ile ya dirisha la dawa. Ndani yupo mteknolojia dawa. Wengi humwita "daktari", naye hana muda wa kuwasahihisha.

Tunadhani kazi yake ni kuhesabu vidonge. Msikilize anapomkabidhi bibi dawa mseto ya malaria: "Bibi, sasa ni saa tatu. Dozi ya kwanza meza hapa hapa, ya pili saa kumi na moja jioni. Kesho na keshokutwa, asubuhi na usiku." Anauliza kama nyumbani kuna maziwa au chakula chenye mafuta, maana dawa hiyo hufyonzwa vizuri zaidi ikiandamana na mafuta. "Haya, nieleze utakavyomeza." Bibi anaeleza, anakwama kwenye ile ya jioni, wanaanza upya.

Foleni inaguna. Wagune tu! Homa hushuka mapema, na hapo ndipo vidonge vilivyobaki hutupwa kabatini huku vimelea vingali mwilini.

Nawe kama nyumbani unatumia dawa nyingine, hata mitishamba, mtajie kabla hajaandika bahasha yako.