Kanda la Usufi

Katika Red Alert 2, mchezo wa vita wa kompyuta uliotoka mwaka 2000, kuna hovakrafti ya kuvusha jeshi. Inaelea juu ya hewa, inatoka majini na kupanda nchi kavu bila gati, imebeba askari 12. Ikizamishwa, wote hupotea nayo mara moja. Kinachonisumbua ni wepesi wa safari yenyewe: hakuna anayeshusha mzigo wala anayehitaji unga. Methali husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na je, ni halali kuuona hivyo hata mchezoni?

Ziwa Victoria lina jibu. Mnamo Septemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipofika Karungu, Waingereza walipeleka askari kwa meli ya Winifred. Juni 1915 wakavusha kikosi kutoka Kisumu kwenda kuishambulia Bukoba. Lakini meli mwisho wake ni ufukoni. Huko bara mbung'o waliua ng'ombe na farasi, mzigo ukahamia vichwani mwa watu. Mpagazi aliyejitwisha kilo 25 za unga, akila kilo moja kwa siku, huumaliza mzigo wote kwa siku 25 kabla askari hajaonja. Ndiyo maana nyuma ya kila bunduki ulihitajika msururu mrefu wa watu. Na Ntimaru, huku Kenya, iko kando ya mpaka wa Waingereza na Wajerumani uliowakata Wakuria, hata ndugu wa huku na wa Tarime, upande wa pili, wakawa chini ya wafalme wawili waliopigana vita visivyowahusu.

Mtu atasema Red Alert 2 ni mchezo tu, na hata bao halina wapagazi. Kweli, ila kete za bao hazijifanyi watu. Mwingine atasema kamanda asipowahesabu watu kama namba hawezi kuamua lolote. Nakubali, hesabu ni ya lazima. Ila anayeamini kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu hawezi kuishia kwenye jumla, kwa sababu jumla haina jina. Mwaka 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, pengine hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi walikuwa wengi miongoni mwao. Lililobaki ni Kariakoo, jina la kikosi chao, ambalo maelfu hulitaja kila siku wakienda sokoni.