Maji ya Aliye Chini

Mwezi wa tisa mwaka jana shangazi yangu aligombana na jirani yake kwa sababu ya maji. Wote wawili wanalima mchicha na matembele kwenye bonde la Mto Kizinga, huku kwetu Temeke. Matuta ya shangazi yako juu, ya jirani yako chini, na wote wanategemea kijito kimoja kinachoingia mtoni. Kiangazi kilipokaza, shangazi alikiziba kijito kwa viroba vya mchanga ili apate kidimbwi cha kuchotea. Siku ya tatu jirani alipanda akiwa na ndoo tupu.

“Dada, na mimi nina watoto.”

“Nilipofika hapa palikuwa na matete na nyoka,” shangazi alijibu. “Nani alifyeka?”

Nilikuwa nimesimama pale na keni ya kumwagilia mkononi, nikitazama chini. Sehemu ya ada yangu ya shahada ya uzamili hutoka kwenye mchicha ule. Ningeweza kusema shangazi amekosea, lakini maji aliyoyazuia yalikuwa yananisomesha mimi.

Hakuna aliyefikiria kwenda kushtaki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na matuta ya wote wawili yamo humo humo. Anayepeleka malalamiko anajipeleka na yeye mwenyewe. Kwa hiyo swali lilibaki kwetu: je, aliyetangulia kuifungua ardhi anayamiliki maji yake?

John Locke aliwahi kulijibu swali linalofanana na hilo. Katika kitabu chake cha 1689 alisema mtu akichanganya jasho lake na ardhi isiyo na mwenyewe, ardhi hiyo inakuwa yake. Hapo anaongea kama shangazi kabisa. Ila aliweka sharti: wengine wabakiziwe cha kutosha, na kizuri vilevile. Mfano aliotoa ni wa mtu anayekunywa mtoni. Hata akinywa sana, hamdhulumu mtu, kwa kuwa mto mzima umebaki. Nadhani Locke hakuwa na kijito cha mwezi wa tisa akilini. Pale kwetu, keni anayochota wa juu ndiyo keni anayoikosa wa chini.

Nikajikuta nawawaza watu wa Engaruka. Magofu yao yako wilayani Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mahali pakavu ambapo mkulima hawezi kuitegemea mvua peke yake. Kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18, wakulima wa pale waliyatoa maji kwenye mito inayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, wakayapitisha kwenye mifereji hadi kwenye mashamba ya mtama yaliyozungushiwa mawe, karibu kilometa za mraba 20. Hawakuacha maandishi. Lakini mfereji wenyewe unasema kitu: haungeweza kulisha mashamba mengi kiasi hicho, kwa vizazi na vizazi, kama kila wa juu angeuziba anapotaka. Lazima palikuwa na zamu.

Sitaki kuwapamba wa kale. Kwa Wasonjo, kaskazini ya hapo, ambao nao ni wamwagiliaji, mtafiti Robert Gray alikuta miaka ya 1950 kwamba zamu za kwanza zilikuwa za familia chache na zilirithiwa. Wengine walizilipia kwa mbuzi au asali. Hiyo ndiyo hatari ya hoja ya “nani alifyeka”. Leo inalinda jasho la shangazi. Kesho itamlinda mjukuu wake ambaye hajawahi kushika jembe, na itamnyima mjukuu wa jirani.

Kwa hiyo ninaamini kufyeka kunampa shangazi haki ya matuta yake, pengine hata haki ya kuchota kwanza. Hakumpi haki ya kuchota mpaka yakauke. Jasho lake liliondoa matete, halikuyaleta maji.

Nilimwambia hivyo jioni, tukifunga mafungu ya mchicha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Sawa, mwanangu. Na ada?”

Hilo ndilo swali ambalo darasani hatuulizani. Ni rahisi kugawa maji ya shangazi. Nilikaa kimya kwanza, kisha nikamwambia nitafundisha tuisheni siku za wiki, pengo nilijaze mimi. Kesho yake aliondoa viroba. Siku hizi anaviweka asubuhi na kuviondoa saa tisa alasiri. Mafungu yamepungua, nami narudi nyumbani usiku nikiwa nimechoka. Jirani bado hamwiti dada kama zamani, ila akipita anasalimia.