Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 20: Barua Mbili Mezani



Ndugu yangu, dada yangu, saumu maqbul. Leo ni siku ya ishirini. Jua likizama tu, tunaingia kumi la mwisho.

Jana baada ya tarawehe kijana wetu mmoja, mhandisi wa programu za kompyuta, amenitumia ujumbe. Ana barua mbili za kazi, zote za kampuni kubwa za teknolojia, zile ambazo simu unayosomea haya haikosi kitu chao. Moja ni ya hapa Nairobi. Nyingine ni ya Dublin, na mshahara wake ukiubadilisha kwa shilingi unashtuka. Mama yake yuko Mombasa, ana sukari, na kila mwezi kijana huyu hupanda treni akateremka kumpeleka kliniki. Nairobi wanataka jibu Ijumaa. Dublin bado wanamalizia makaratasi.

Akaniuliza: "Ustadhi, nikisaini ya Nairobi kwanza, halafu ya Dublin ikikamilika nikaivunja hii, kuna ubaya? Na istikhara nimeswali mara tatu, sijaota kitu."

Ameniruhusu nijibu hapa bila jina, kwa sababu hayuko peke yake. Na wewe ambaye huna hata barua moja, usipite. Lako limo.

Kama unasoma juzuu moja kwa siku, leo uko juzuu ya 20, na ndani yake imo Suratul Qasas. Hebu kisome kisa cha Nabii Musa alayhis salaam kule Madyan kwa jicho la mtu anayetafuta kazi.

Amefika mgeni, mkimbizi, hana nyumba wala senti. Akawakuta mabinti wawili wamezuiliwa na msongamano kisimani, akawanyweshea wanyama wao bila kuomba ujira. Kisha akarudi kivulini akamwambia Mola wake kwamba yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia. Kheri yoyote! Hakutaja mji, hakutaja mshahara. Sisi je? Tunainua mikono hali tumeshachagua, tunachotaka kwa Allah ni sahihi yake tu.

Punde si punde, kazi ikaja. Binti mmoja akamshauri baba yake amwajiri, kwani mwajiriwa bora ni mwenye nguvu na mwaminifu. Sifa ni mbili. Nguvu zako, mwanangu, zimeshapimwa. Wamekuhoji raundi baada ya raundi, wamekupa maswali mpaka kichwa kikauma, ukafaulu, alhamdulillah. Uaminifu wako hakuna aliyeupima kwenye usaili. Unapimwa Ijumaa hii.

Tazama mkataba wenyewe. Mzee alisema waziwazi: miaka minane, na ukitimiza kumi ni hisani yako. Musa naye akakubali waziwazi kwamba katika mihula hiyo miwili, wowote atakaoutimiza asidaiwe zaidi, na wakamfanya Allah shahidi. Hakuna aliyeficha kitu mfukoni.

Basi jibu la swali lako la kwanza ni hili. Kusaini huku moyoni umeshapanga kuvunja ni ahadi ya uongo, hata kama "kila mtu anafanya hivyo". Ukisaini kwa nia safi, kisha mbele hali ikabadilika ukaondoka kwa notisi iliyomo ndani ya mkataba, hilo ni jambo jingine, kwani mmeshakubaliana nalo. Tofauti iko kwenye nia, na nia anaijua nani?

Fanya hivi. Leo, kabla ya futari, waandikie Nairobi ukweli: ninayo ofa nyingine, naomba wiki moja zaidi. Waandikie Dublin: nina siku ya mwisho, nawaomba mharakishe. Hilo si aibu, waajiri wamelizoea. Na ukitaka kuomba nyongeza, omba, lakini usiwatajie upande mmoja tarakimu ambayo upande wa pili haukukupa. Shilingi ya uongo ikiingia kwenye mshahara, utaila kila mwezi. Wakikataa kuongeza siku, basi amua kwa kilichopo mkononi.

Sasa istikhara. Jabir bin Abdillah radhiya Allahu anhu amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwafundisha istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani. Ni rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua. Ndoto haimo kwenye mafunzo yale. Basi acha kusubiri ndoto. Swali, taka ushauri kwa wajuzi, uelekee pale moyo na akili vilipotulia. Njia ikifunguka, ingia. Ikifungika, shukuru.

Na ile dua ina mpangilio. Unaomba jambo liwe kheri katika dini yako kwanza, kisha maisha yako, kisha mwisho wa mambo yako. Hebu fungua ile jedwali uliyoitengeneza kwenye kompyuta. Mstari wa kwanza umeandika nini? Mshahara, si ndiyo?

Anza na dini: kwenye timu hiyo utajenga nini hasa? Kampuni moja ina kazi nyingi. Kuna wanaotengeneza ramani, na kuna wanaosukuma matangazo ya kamari kwenye simu za vijana wetu. Uliza kabla ya kusaini. Istikhara haiswaliwi juu ya haramu.

Kisha maisha. Barua isome yote. Hisa unazoahidiwa kwa kawaida hugawanywa kwa miaka kadhaa, mara nyingi minne, haziji kwa mkupuo. Bonasi ya kusaini mara nyingi hurudishwa ukiondoka mapema. Toa kodi ya serikali, toa kodi ya nyumba ya Dublin ambayo si mchezo, ndipo ulinganishe.

Na Mama. Usimuulize tu, "Mama, niende?" Mama zetu hujibu, "Nenda mwanangu, Mungu akutangulie," huku moyo unamkatika. Muulize nani atampeleka kliniki, na ulipange hilo kabla hujajibu barua ya mtu. Huenda Dublin ndiyo itakayomtibu. Huenda kiti chako pembeni yake ndiyo dawa yenyewe. Hilo mlijue nyinyi wawili, si mimi.

Umeniuliza pia ipi iliyo salama zaidi. Kati ya Novemba 2022 na Januari 2023, Meta ilitangaza kupunguza wafanyakazi 11,000, Amazon zaidi ya 18,000, Microsoft 10,000, Google 12,000. Wala hazikuwa kampuni zinazofilisika. Sisemi haya kukutia hofu. Nasema usimtafute Ar-Razzaq ndani ya jina la kampuni. Kampuni ni mfereji tu, maji si yake.

Nimalizie na Musa. Ibn Abbas radhiya Allahu anhuma alipoulizwa ni muhula upi alioutimiza, alijibu kwamba ni ule mrefu. Alitoa zaidi ya alichodaiwa. Na baada ya muhula kwisha, akiwa safarini na ahli zake, ndipo alipouona ule moto na kuitwa na Mola wake. Kazi ya Madyan haikuwa mwisho wa safari yake. Yako pia, iwe Nairobi au Dublin, si mwisho.

*Kazi ya leo:* usiku huu, kabla ya daku, swali rakaa mbili. Usimtajie Allah jibu. Mwambie tu kwamba wewe ni mhitaji wa kheri yoyote itokayo kwake. Kisha asubuhi sema ukweli kwa yule unayedaiwa ukweli.

Ya Allah, tupe rizki ya halali, utie baraka katika kidogo na kingi, utujaalie kuudiriki Usiku wa Cheo, na uwape afya mama zetu. Amin.

Mtumie mwenzako anayengoja jibu la kazi. Tukutane kesho, in shaa Allah.