*TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Mzee Aliyesalimia*



Ndugu zangu wa Kidahwe, na nyinyi mlioko Ujiji, Mwanga na mbali zaidi, leo nawasimulia jambo langu mwenyewe. Sio la kujisifu.

Mnalijua grupu letu la darasa la Qur'ani. Kabla ya mwezi kuandama aliingizwa mzee wetu mmoja, mtu wa safu ya mbele, ambaye mwanawe alikuwa amemnunulia simu kubwa. Basi kila baada ya Alfajiri: "Assalaam alaykum nyote, mmeamkaje, watoto wazima?" Inafuata picha ya ua. Inafuata sauti ya dakika tatu akituombea dua, majogoo wanawika nyuma yake.

Vijana wakaanza. "Mzee, soma sheria za grupu." "Hapa ni darasa tu." Mmoja akatuma kikatuni cha kucheka. Mzee akamjibu kila mmoja kwa salamu. Siku ya tano, usiku, nimechoka, nikabonyeza "Ondoa". Kazi ya sekunde moja.

Baada ya hapo nafasi yake kwenye safu ikawa wazi. Isha hayupo, Alfajiri hayupo, Ijumaa hayupo. Nikadhani anaumwa, nikaenda kumjulia hali. Akanitolea kiti, akanisalimia vizuri kama siku zote, kisha akasema: "Sheikh, mmenifukuza msikitini, na sijajua nimekosa nini."

Picha ya grupu ni msikiti wetu. Jina lake ni la msikiti wetu. Kwake yeye, aliyetolewa mle ametolewa msikitini.

Sasa nakuuliza wewe unayesoma: kosa lilikuwa la nani?

Usiharakishe kusema sheria ilikuwa mbaya. Ilikuwa na sababu. Yuko dada anayenunua bando la kubana, anataka kusikia tajwidi, anakuta somo limefukiwa chini ya picha 60. Haki yake ni haki. Lakini sheria zile tulizituma miezi kadhaa kabla mzee hajaingia, na kwenye grupu letu aliyeingia leo haoni ya jana. Tulikuwa tunamwambia "soma", na mbele yake hapakuwa na kitu cha kusoma.

La pili ni zito zaidi. Mzee yule hakukosa adabu. Alikuja nayo nyingi. Huku kwetu humpiti mtu njiani kimya, na wazee wa Kiha husalimiana mpaka kwa kupiga makofi taratibu. Kuingia mahali penye watu 40 bila kuwajulia hali, kwake ndiyo dharau. Sisi tuliona anatusumbua. Yeye alituona hatuitikii salamu, na akatuvumilia siku tano.

Na hili si jipya. Muawiya bin Al-Hakam As-Sulami (r.a.), mgeni katika Uislamu, aliswali nyuma ya Mtume (s.a.w.). Mtu mmoja akapiga chafya, naye akamwombea rehema kwa sauti, katikati ya swala. Watu wakamkodolea macho. Akashangaa, akauliza mbona wanamtazama hivyo. Wakapiga mapaja yao kumnyamazisha. Swala ilipokwisha Mtume alimfundisha kwamba ndani ya swala hayafai maneno ya watu. Hakumkaripia, hakumpiga, hakumtukana, na Muawiya mwenyewe akashuhudia kwamba hajapata kuona mwalimu bora kuliko yeye. Hadithi hii iko katika Sahihi Muslim.

Tazama kosa lenyewe. Kumwombea dua aliyepiga chafya ni adabu njema kabisa! Aliifanya mahali pasipo pake. Makosa mengi ya wageni ni ya namna hiyo: ni wema ambao haujajua uketi wapi.

Na yule bedui aliyekojoa msikitini, ambaye habari yake wameipokea Bukhari na Muslim. Masahaba walipomwinukia, Mtume alianza kwa kuwazuia wao. Akamwacha amalize. Akaamuru ndoo ya maji imwagwe. Kisha ndipo akamwelewesha kwamba misikiti ni ya swala na kumtaja Mwenyezi Mungu. Sheria haikubadilika, msikiti ulisafishwa, na mtu hakupotea. Sisi tunadhani lazima tuchague, ama sheria ama mtu. Yeye alivihifadhi vyote viwili.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sawa, lakini jembe *anapewa*, na shamba anaonyeshwa. Hakuna anayemgombeza mgeni kwa kutojua mpaka uko wapi.

Nawe mgeni una sehemu yako. Ukiingia mahali, sikiliza kwanza, kisha uliza wenyeji: hapa mnafanyaje? Na aliyekwisha kuelezwa faraghani, akaelewa, akaendelea kwa ubishi, huyo ni habari nyingine. Hata huyo, mwageni kwa neno, sio kwa kidole tu.

Tukumbuke pia sisi ni nani. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara. Burton na Speke walipofika mwaka 1858, Waarabu na watu wa pwani walikuwa tayari wakifanya biashara hapo, na baadaye Wamanyema wakaja kutoka ng'ambo ya ziwa. Wangapi katika babu zetu walijifunza kuswali kwa kusimama pembeni ya mtu na kumtazama anavyofanya? Wangechekwa siku ile, mimi na wewe tungekuwa wapi leo?

Nilimwomba mzee radhi, akanisamehe hapohapo. Amerudi kwenye safu yake, alhamdulillah. Kwenye grupu hakurudi. Alisema, "Darasa nitalisikia kwa masikio, Sheikh. Simu niachieni ya wajukuu." Nimeyapokea hayo kama sehemu ya malipo yangu.

*Kazi ya leo:* kabla ya futari mtafute mtu mmoja aliyekaa kimya au aliyetoka kwenye grupu lako. Usimwandikie. Mpigie, au nenda kwake.

Ee Mwenyezi Mungu, tufungie ndimi zetu na vidole vyetu kama ulivyotufungia matumbo, na usimfanye yeyote aikimbie nyumba yako kwa sababu yetu. Aamin.

Futari njema 🌙